TAHARIRI: Kredi za mwanafunzi zisafiri pamoja naye

Toka mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vikuu vya DRC viliingia kwa jumla katika mpango wa LMD. Hesabu yake ni nyepesi: muhula mmoja ni kredi 30, mwaka ni kredi 60, na licence ni kredi 180. Kwa hiyo kredi iliyopatikana Bukavu inapashwa kuwa na thamani ileile Kisangani ao Lubumbashi. Kwenye karatasi ni hivyo. Kwenye ofisi za fakulte, mambo ni mengine.

Vita vimeonyesha wazi shida hiyo. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, kisha Bukavu Februari, kuna wanafunzi waliokimbilia miji mingine masomo yakiwa katikati. Mwenye kufika chuo kipya bila karatasi zote za pointi anaweza kuambiwa aanze mwaka upya. Mzazi aliyekwisha kulipa minervali analipa tena, na kijana anapoteza mwaka ambao hakuna atakayemrudishia.

Dawa moja iko karibu: vyuo vya nchi hii vikubaliane kubadilishana wanafunzi kwa muhula mmoja. Mwanafunzi anaenda, anasoma, anafanya mitihani, kisha anarudi kumalizia kwao. Mapatano kama hayo yakiwa tayari wakati wa amani, siku ya taabu mlango unakuwa umekwisha kufunguliwa.

Tena faida si ya wakimbizi peke yao. Goma iko chini ya volkano ya Nyiragongo na ina kituo cha kuichunguza. Lubumbashi iko kwenye ukanda wa shaba na kobalti. Kisangani ina msitu mkubwa, na Yangambi, penye utafiti wa kilimo toka zamani za ukoloni, haiko mbali. Mwanafunzi wa jiolojia anaweza kupata diploma bila kukanyaga mgodi wa shaba, na yule wa kilimo bila kuona Yangambi. Muhula mmoja ungetosha kuwafungulia macho.

Kusafiri kwa ajili ya masomo si jambo geni hapa. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi na kuunda UNAZA, fakulte zikagawanywa kati ya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Kijana alifuata fakulte yake pale ilipowekwa. Ilikuwa amri ya utawala, na mwaka 1981 mpango huo ukavunjwa. Leo inafaa safari hiyo iwe chaguo la mwanafunzi mwenyewe.

Kuna wakubwa wa vyuo wenye kuogopa kwamba viwango havilingani, ao kwamba mwanafunzi akienda hatarudi. Woga huo una jibu. Kabla ya safari, fakulte zote mbili zitie sahihi kwenye orodha ya masomo atakayofuata na kredi zake. Minervali ilipwe mara moja tu, kwenye chuo chake. Pointi zitumwe na chuo kilichompokea, zisipitie mikononi mwa mwanafunzi. Diploma itolewe na chuo cha kwao.

Kinachobaki kigumu ni nauli na makao. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, barabara nyingi hazina usalama, na tiketi ya ndege inashinda uwezo wa wazazi wengi. Basi waanze wachache, kati ya miji yenye kufikika, na chumba kipatikane kabla ya mwanafunzi kupanda gari. Wizara ya elimu ya juu inaweza kuandaa fomu moja kwa vyuo vyote.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Chuo kitakachompokea mwanafunzi wa mji mwingine nacho kitajifunza kwake. Lakini wa kwanza kupona atakuwa yule kijana mwenye kredi 30 mkononi, ambaye leo hana ofisi ya kuzihesabu.