Mswahili Si Tusi

Hapa Bugeshi, mpakani na Kongo, mtu akisema Kifaransa au Kiingereza huitwa msomi. Mama aliyebeba viazi, akipatana bei na mteja kwa Kiswahili, huitwa "Mswahili", na wanaomwita hivyo humaanisha mwongo au tapeli. Hiyo ni dharau kwa maskini iliyojificha nyuma ya lugha.

Dharau hii ina historia. Wakoloni wa Kibelgiji waliwatenga Waislamu katika kambi za Waswahili, kama ile ya Biryogo mjini Kigali. Ndio hao hao walioandika kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 yalituonyesha mwisho wa kumhukumu mtu kwa jina la kundi lake.

Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda. Lakini sheria haiwezi kumheshimu mama yule kwa niaba yetu. Mwizi na aitwe mwizi kwa alichoiba, si kwa lugha anayosema. Wanafunzi wenzangu, tusi hili tulifute vinywani mwetu kwanza.