Paswadi yako si ya mtu wa saiba

Wasee, ni watu wangapi wanajua paswadi yako ya eCitizen? Kama macho yako yanaona na vidole vinafanya kazi, pengine ni wewe peke yako. Kuna Wakenya ambao jibu lao ni: mimi, dadangu, na yule kijana wa saiba pale steji. Si eti ni wazembe. Tovuti za serikali zimejengwa kana kwamba wao hawapo, na njia iliyobaki ni kumkabidhi mtu mwingine ufunguo.

Hebu iangalie hiyo picha vizuri. Msichana asiyeona anaingia saiba kuomba cheti cha tabia njema, kwa sababu kuna kazi ameitiwa. Vijana watatu wako kwa foleni ya kuprinti. Mhudumu anamuuliza, bila ubaya wowote, "Siz, paswadi ni gani?" Anaitaja kwa sauti. Halafu namba ya kitambulisho. Halafu ile namba ya kuthibitisha inayokuja kwa SMS, ambayo mhudumu anachukua simu ya mwenyewe na kujisomea. Vitabu vya Kiswahili vinaiita paswadi "neno la siri". Hapo siri iko wapi?

Na usiniambie "si aende na mtu wa familia." Wewe una miaka 22. Ungetaka kakako akae kando yako akijaza kila fomu yako ya hospitali, ya kazi, ya pesa? Ukiwa unaona, hiyo tunaita kuingiliwa. Ukiwa huoni, watu wanaita msaada na wanakutarajia useme asante.

Tarehe 30 Juni 2023 Rais Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali mtandaoni, wakaziita Gava Mkononi. Mimi sipingi hiyo kitu hata kidogo. Nani anataka kurudi kwa zile foleni za "rudi kesho, mkubwa ametoka"? Lakini ukihamisha kaunta ukaiweka kwa simu, basi tovuti ndiyo kaunta sasa. Mtu akishindwa kuingia hapo, amefungiwa nje ya ofisi. Ni vile tu hakuna mtu anayemwona akiwa amesimama mlangoni.

Kwa wale hawajui: mtu asiyeona anatumia simu ile ile uko nayo. Android nyingi zina TalkBack ndani, bure. Kwa iPhone inaitwa VoiceOver. Kwa kompyuta kuna NVDA, nayo ni bure, ilianzishwa 2006 na Waaustralia wawili ambao wenyewe hawaoni. Programu hizi zinasoma kilicho kwenye skrini kwa sauti. Shida ni kwamba zinasoma tu kile aliyejenga tovuti alichoandika. Kitufe kikiwa na jina, utasikia "Tuma ombi". Aliyejenga asipokipa jina, utasikia "kitufe", basi. Kitufe cha nini? Shauri yako.

Wiki iliyopita niliwasha TalkBack, nikafumba macho, nikajaribu kujaza fomu ya ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe. Sanduku la kuandika, bila kuambiwa niandike nini. Nikafika mahali pa kuchagua tarehe ya kuzaliwa, na ile kalenda haikufunguka kabisa bila kugusa kwa kuangalia. Dakika arobaini. Na mimi ningeweza kufungua macho wakati wowote nikamaliza, kwa hivyo usidhani nimejua maisha ya mtu asiyeona. Nilichojua ni kwamba hiyo fomu haijawahi kujaribiwa na mtu kama yeye hata siku moja.

Sasa sikiza hii ya ushuru, ndiyo inaniudhi zaidi. Mkenya mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha halipi kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Sheria nzuri. Ombi la hicho cheti linapitia iTax. Na mlango wa iTax kwa miaka mingi umekuwa na ile stempu ya usalama: hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa, iliyochorwa kama picha. Kisoma skrini kwa kawaida hakisomi hesabu iliyo ndani ya picha. Yaani ili upate haki yako ya kutoona, kwanza uone.

Ukienda kwa afya ni vile vile. Mtu asiye na mwajiri akijiandikisha SHA anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake: paa ni la nini, choo ni cha aina gani. Hayo ni mambo ya kwako na Mungu wako. Unaweza kutumia *147# badala ya tovuti, sawa, lakini menyu za aina hiyo zina muda, na zinajifunga kabla sauti haijamaliza kukusomea chaguo zote, unaanza tena. Kwa hivyo mtu anarudi saiba, anaeleza hali ya choo chao mbele ya foleni ya watu wanaongoja kuprinti.

Kuhusu viziwi nitasema kidogo kwa sababu ni wazi sana: video ya ilani bila maandishi chini yake, kisha "kwa maelezo zaidi piga simu". Piga simu! Halafu kuna zile PDF za ilani na nafasi za kazi. Mtu ameandika barua kwa kompyuta, akaprinti, akagonga muhuri, akaskani, akapandisha picha. Kwa kisoma skrini hiyo mara nyingi ni karatasi tupu. Barua ilikuwa maandishi mwanzoni, wakahangaika kuiharibu.

Kuna wale husema sheria hazipo. Zipo mpaka zinajikwaa. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali, usafiri wa umma na habari. Kenya iliidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2008, na mkataba huo unataja intaneti kwa jina. Mwaka wa 2022 tukapata kiwango chetu wenyewe cha KEBS, KS 2952, kinachoeleza tovuti na vifaa vya teknolojia vinafaa kuwa vipi ili kila mtu avitumie. Mwaka wa 2025 tukapata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu. Makaratasi tunayo.

Wanasema pia ni watu wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu kuanzia miaka mitano kwenda juu. Chukua wakazi wote wa Lamu, Isiolo na Tana River kwa sensa hiyo hiyo, uwajumlishe: hawafiki hapo. Kuna mtu angethubutu kujenga tovuti ya serikali isiyofunguka kwa kaunti hizo tatu, halafu aseme ni wachache?

Halafu gharama, wimbo wa zamani. Mwaka wa 1999 Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, alilalamika kwamba tovuti ya Olimpiki ya Sydney haisomeki kwake. Waandaaji wakajitetea kwamba kurekebisha ni ghali mno. Mwaka wa 2000 tume ya haki za binadamu ya huko ikawaambia warekebishe, hawakumaliza, wakaagizwa wamlipe dola 20,000 za Australia. Moja ya vitu alivyokuwa akidai ni maelezo mafupi ya maandishi kwa picha. Hayo ni maneno machache nyuma ya picha. Mimi niliacha campus mwaka wa pili na najua kuyaweka. Kupa kitufe jina ni mstari mmoja. Ghali ni kubomoa na kujenga upya kwa sababu hukuuliza mapema, kama vile jengo lililosahau lifti.

Msinidanganye pia na kile kidude. Mnakijua, ile duara pembeni mwa tovuti yenye alama ya mtu amenyoosha mikono. Ukibonyeza inaongeza ukubwa wa maandishi na kubadilisha rangi. Ofisi inanunua hicho, inapiga picha, inasema sasa tovuti yetu ni ya wote. Mtu asiyeona tayari ana kisoma chake, hahitaji cha kwako, anahitaji vitufe vyenye majina. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe italipa dola milioni 1, baada ya kudai kwamba programu yake inaweza kufanya tovuti yoyote itimize viwango. Kidude hakirekebishi fomu iliyojengwa vibaya. Ni kupaka rangi ngazi na kuita rampu.

Kwa hivyo mimi sitaki warsha nyingine ya hoteli Naivasha kuhusu ujumuishaji. Nataka kitu kimoja ndani ya mkataba wa tenda: kampuni iliyojenga tovuti ya umma hailipwi pesa ya mwisho mpaka watu wenye ulemavu waijaribu, peke yao, na wamalize. Asiyeona, kiziwi, asiyetumia mausi. Na walipwe kwa hiyo kazi, viwango vya soko, si fulana na chai. Matokeo yawekwe wazi, fomu hii ilipita, hii ilikwama. Fomu ikikwama, ule mlango wa zamani wa kaunta usifungwe. Hakuna kusema "tumeenda dijitali" huku watu wengine wakiachwa kwa saiba.

Wenye ulemavu wamesema haya kwa miaka mingi na wanajua kuyasema kuniliko, wafuateni wao kwanza. Mimi naongea na sisi wengine, hasa wale mnasomea kompyuta na mnaenda attachment kwa kaunti na wizara. Mtapewa fomu mjenge. Kama wewe ni mmoja wao, inboksi yangu iko wazi na swali langu ni moja: hiyo fomu yako, nani ameijaza bila kuangalia skrini, na alilipwa ngapi?