Kumng'oa Nduli Si Kujenga Serikali

Mwaka 1979 madhalimu wawili waliangushwa na majeshi ya majirani zao. Tarehe 7 Januari majeshi ya Vietnam yaliingia Phnom Penh, mji mkuu wa Kampuchea, yakaukomesha utawala wa Pol Pot, ambao katika muda usiotimia miaka minne ulikuwa umeangamiza watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1.7. Tarehe 11 Aprili majeshi yetu, pamoja na wapiganaji wa Uganda, yaliiteka Kampala, na nduli Idi Amin akakimbia.

Sisi wa Pwani twayakumbuka mambo hayo. Amin alipolivamia eneo la Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Taifa zima liliitikia mwito, Bara na Visiwani. Vita vilipokwisha, wananchi kutoka hapa Mzenga hadi Mafia, Unguja na Pemba waliombwa wafunge mkanda kwa miezi 18. Dhiki ikaendelea kwa miaka. Kwa kuwa gharama tuliilipa, tunayo haki ya kuuliza ushindi ule ulizaa nini.

Huko Kampuchea uongozi ulikabidhiwa Heng Samrin, na Januari 1985 Hun Sen akawa Waziri Mkuu. Wote wawili walikuwa makamanda katika jeshi la Pol Pot kabla ya kumkimbia. Shule zilifunguliwa tena na watu wakarejea makwao. Lakini Serikali hiyo iliegemea bunduki za mgeni hadi mwaka 1989, na mkataba wa amani haukutiwa saini mpaka Oktoba 1991. Hun Sen hakuuacha uwaziri mkuu hadi Agosti 2023, na aliyeushika baada yake ni mwanawe, Hun Manet.

Nchini Uganda, Profesa Yusuf Lule, aliyechaguliwa kwenye mkutano wa Moshi wa Machi 1979, alitawala siku 68 tu. Godfrey Binaisa hakutimiza mwaka. Ikafuata Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga, kisha uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Milton Obote na ambao wapinzani wake waliukataa. Februari 1981 vita vya msituni vikaanza, na damu ikamwagika Luwero hadi Januari 1986.

Hatuna budi kusema kweli: misukosuko hiyo ya Kampala, toka Lule hadi Obote, ilitokea majeshi yetu yakiwa yangali huko. Kumng'oa Amin kulikuwa haki, wala hatujutii. Lakini mamlaka yanayosimama kwa nguvu za jirani ni nguo ya kuazima, na wahenga walikwisha sema kuwa nguo ya kuazima haisitiri.

Funzo hilo halikupotea lote. Machi 2008 askari wetu walishiriki, chini ya Umoja wa Afrika, kumwondoa Kanali Mohamed Bacar kisiwani Anzwani, Komoro. Mwezi Juni wananchi wa kisiwa hicho wakapiga kura.

Kwa hiyo twawaambia viongozi wetu: kila askari wetu anapovuka mpaka kwenda kumsaidia jirani, na ijulikane mapema ni lini atarudi, na ni kwa njia gani wenyeji watajichagulia viongozi wao. Jirani mwema husaidia kuuzima moto. Hamchagulii mwenye nyumba atakayelala ndani.