Ufizi Mgonjwa Tunauacha, Ufizi Mzima Tunaukata

Mtu akijikata na jembe mguuni nyumba nzima hushtuka. Lakini anayetema damu kila asubuhi apigapo mswaki huambiwa, "Mswaki wako mgumu tu," na maisha yanaendelea. Kwa maoni yetu, hapo ndipo familia nyingi za Bariadi, na za Simiyu kwa jumla, zinapokosea kuhusu magonjwa ya fizi. La ajabu zaidi ni kwamba mzazi huyo huyo anayeuacha ufizi wake mgonjwa miaka kumi, aweza kushawishiwa kuukata ufizi mzima wa mtoto mchanga.

Tuanze na mtu mzima. Ufizi wenye afya umekaza, umelishika jino, nao hautoki damu. Rangi isimdanganye mtu: wengi wetu tuna fizi zenye weusi tangu kuzaliwa, na huo si ugonjwa. Hali kadhalika meno ya kahawia ya watu waliokulia kwenye visima vyenye madini mengi ya floridi si uchafu. Kuyasugua kwa mchanga au mkaa kunachubua fizi bure. Ugonjwa hujulikana kwa ufizi kuvimba, kulainika, kutoka damu ukiguswa, na kinywa kunuka. Ukiachwa, usaha huanza kutoka, ufizi hushuka, na meno hulegea hata kama hayana tundu. Wazee wengi wamepoteza meno mazima namna hii wakidhani ni umri.

Chanzo ni ukoga, ule utando unaojijenga juu ya meno kila siku. Usipoondolewa hugeuka ugaga, mgumu kama chokaa, ambao mswaki hauwezi kuutoa. Sasa mtu akiona damu huacha kupiga mswaki ati kidonda kipone. Ni kinyume kabisa! Aendelee, taratibu, asubuhi na kabla ya kulala, kwa mswaki laini au wa mti uliotafunwa vizuri ncha yake, akifika pale jino linapokutana na ufizi. Asukutue kwa glasi ya maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kama ni ukoga tu, damu hupungua na kukoma katika wiki mbili hivi. Isipokoma, yafaa mtaalamu wa meno aangalie na kuukwangua ugaga.

Kununua vidonge vya amoksilini dukani kila ufizi unapovimba ni kupoteza hela ya pamba: maumivu hupoa, ugaga unabaki pale pale. Tena watu wamezoea kuamini kwamba kwenda kwa daktari wa meno maana yake ni kung'olewa, basi huchelewa mpaka kweli hakuna lingine la kufanya. Tungependa huduma ya kukwangua ugaga isogezwe karibu na vijiji, na mama mjamzito akaguliwe fizi siku ile ile anayopimwa uzito kliniki, kwani mimba huzifanya fizi zivimbe upesi. Mwenye kisukari naye ajue kwamba sukari yake ni vigumu kutulia ikiwa fizi zina usaha.

Tuje kwa mtoto mchanga. Mtoto wa miezi michache akipata homa, kuhara na kutapika, jirani humfunua kinywa, huona uvimbe mweupe kwenye ufizi, kisha hutamka: "Ana meno ya plastiki." Imani hii imejulikana Tanzania tangu miaka ya 1980, wala haichagui mkoa. Ufizi hukatwa kwa wembe au chuma na kijidude laini cheupe hutolewa kama ushahidi. Kijidude hicho ni jino changa la mtoto, ambalo lilikuwa bado linajengeka! Wengine hupona, kwa kuwa kuhara kungekoma kwenyewe, na sifa humwendea mkataji. Wengine hupungukiwa damu, hupata pepopunda au sumu ya vijidudu katika damu, na wembe uliotumika kwa mwingine waweza kuleta virusi vya UKIMWI. Wakati huo malaria au nimonia iliyoleta homa haijatibiwa. Mtoto huyo apewe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, aendelee kunyonya, na apimwe zahanati siku hiyo.

Kuna hali nyingine mbili zisizongoja. Ya kwanza ni jipu la ufizi ambalo uvimbe wake unashuka shingoni, au linalomfanya mgonjwa ashindwe kumeza, kufungua kinywa au kupumua. Ya pili ni noma, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwezi Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Huwapata hasa watoto wa miaka 2 hadi 6 wenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua. Huanza na kidonda cha ufizi chenye harufu kali, kisha shavu huvimba na kuoza kwa siku chache. Likitibiwa mapema kwa dawa za viuavijasumu, usafi wa kinywa na chakula bora, tatizo hili huzuilika. Mzazi aliye Itilima au Meatu asingoje siku ya mnada ndipo apate usafiri. Aende kituo cha karibu, mtoto aanzishiwe dawa hapo hapo, na rufaa iandikwe.