ULAYA IPO KILOSA: TUSOMEENI MAPATO NA MATUMIZI!

Wadau, hivi karibuni nilikwenda Ulaya. Msianze kunitumia ujumbe wa kuomba zawadi, maana Ulaya ninayoisema mimi haina viza. Unapanda basi pale Msamvu, Morogoro, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kilometa 50 huku ukichungulia twiga bure dirishani, unashuka Mikumi mjini kwenye msururu wa malori ya Zambia na Kongo, unakunywa chai na chapati, halafu unatafuta usafiri wa barabara inayokwenda Kilosa. Humo njiani ndimo kuna Ulaya Kibaoni na Ulaya Mbuyuni, vijiji vya wilaya ya Kilosa ambavyo wanaoandika habari za misitu wanavijua kuliko wanavyovijua wabunge wengi.

Sikwenda kutalii. Nilikwenda na swali moja ambalo nimekuwa nalo tangu nianze kazi hii ya kalamu: fedha ya msitu wa kijiji ni ya nani? Ya kijiji, ya mwenyekiti, ya wilaya au ya wizara?

Nianze na sheria, kwa sababu ukimuuliza Mtanzania wa mjini atakwambia misitu yote ni ya serikali. Si kweli. Nchi hii ina hekta milioni 48.1 za misitu, kwa mujibu wa tathmini ya taifa iliyotoka mwaka 2015, na karibu nusu yake ipo kwenye ardhi za vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi hiyo kwa niaba ya wanakijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kitenge msitu wake, kiwe na kamati ya maliasili, mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kivune kwa utaratibu na mapato yabaki kijijini. Na juu ya wote hao, juu ya mwenyekiti, mtendaji na kamati, upo mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Bibi yako muuza maandazi ni mjumbe wa mkutano mkuu. Kwa sheria, mwenyekiti anatakiwa kusimama mbele yake.

Kilosa walilijaribu jambo hili kwa vitendo. Kuanzia mwaka 2009 Shirika la kuhifadhi misitu la TFCG na mtandao wa jamii wa MJUMITA waliendesha hapo na Lindi majaribio ya MKUHUMI, ule mpango wa kulipa watu wanaopunguza ukataji wa misitu, kwa fedha za Norway. Kisha kuanzia 2012 ukaja mradi wa mkaa endelevu kwa msaada wa Uswisi, ukafika vijiji 30 vya Kilosa, Mvomero na Morogoro. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi. Sehemu ya msitu inagawanywa katika vipande vya mita 50 kwa 50, kipande kimoja kinavunwa na cha jirani kinaachwa, visiki having'olewi, na kipande kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24 ili machipukizi yawe miti tena. Mchomaji anafundishwa tanuri bora, analipa ushuru kijijini, anapewa risiti. Fedha ikajenga madarasa, ofisi za vijiji, zahanati, visima. Wataalamu kutoka nchi za nje wakaja kujifunza Ulaya yetu, badala ya sisi kwenda kwao.

Sasa ngoja niwaambie nilichokiona mimi.

Kijiji kimoja, sitakitaja, nilifika ofisini asubuhi. Ofisi nzuri ya bati la rangi, imejengwa kwa fedha ya mkaa, na nawapongeza. Nje kuna ubao wa matangazo. Nikausoma wote, si ndiyo kazi yangu? Kulikuwa na tangazo la chanjo, ratiba ya ligi ya kata, tangazo la ng'ombe aliyepotea, na karatasi ya uchaguzi iliyokwishapauka kwa jua. Mapato na matumizi? Hakuna hata mstari. Nikamuuliza kiongozi mmoja kwa adabu zote, mheshimiwa, mkutano mkuu wa mwisho ulisomewa hesabu lini? Akacheka, akasema, "Mwandishi, watu wa hapa ukiwaita kwenye mkutano hawaji."

Nikatoka nikamkuta mama mmoja anafunga gunia la mkaa kwa majani na kamba. Nikamsalimia, shikamoo mama, nikamuuliza kwa nini haendi mkutanoni. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto wa mjini. "Mwanangu, nilikwenda. Nikauliza choo cha shule kimetumia shilingi ngapi. Nikaambiwa swali langu halimo kwenye ajenda. Nikauliza tena, nikaambiwa mama huyu anatumiwa. Sasa niende tena kutafuta nini?"

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo, wadau. Watu hawaji mkutanoni kwa sababu mkutano hauwajibu, na mkutano hauwajibu kwa sababu viongozi wanajua watu hawatakuja. Wakati huohuo vitabu vya risiti viko kabatini na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja. Halafu tunashangaa ikisemwa kijiji kimekula fedha! Kijiji hakina mdomo, bwana. Wanaokula wana majina.

Lakini nisiwe mnafiki nikawapiga viongozi wa vijiji peke yao, maana hao ndio rahisi kuwapiga. Wapo wakubwa zaidi, nao hawaji na shoka. Wanakuja na kalamu.

Mwaka 2019 Wizara ya Maliasili na Utalii ilitoa kanuni mpya za uvunaji wa mazao ya misitu, zile za Tangazo la Serikali Namba 417. Kijiji ambacho kilikuwa kimezoea kujipangia ushuru wa mkaa wa msitu wake kikakuta viwango vimepangwa juu, sawa na vya misitu ya serikali. Wewe jiweke kwenye nafasi ya mfanyabiashara wa mkaa. Mkaa wa kijiji wenye risiti bei imepanda. Mkaa wa wizi unapita usiku kwa pikipiki bila risiti. Utanunua upi? Biashara ikimkimbia anayefuata utaratibu, mgambo wa kijiji hawalipwi posho ya doria, na doria ikifa msitu unafuata. Nauliza tu, ni mkutano mkuu upi wa kijiji ulioulizwa maoni kabla ya kalamu ile kushuka? Hivi tunawafundisha wanavijiji utawala bora kwa miaka kumi, kisha sisi wenyewe tunaamua mambo yao bila wao?

Najua majibu. Nimeyasikia kwenye makongamano. Jibu la kwanza: serikali ina wajibu wa kulinda misitu, wanakijiji wataimaliza. Basi mtuambie, misitu ya ardhi za vijiji ambayo haikutengwa, isiyo na kamati wala mpango, ndiyo iliyopona? Kinachofyeka msitu moja kwa moja ni shamba zaidi ya tanuri. Mti uliokatwa kwa mkaa, kisiki kikiachwa, unachipua. Mti uliong'olewa ili papandwe ufuta na mahindi haurudi. Mkulima ataacha kufyeka msitu pale tu msitu utakapomlipa. Na msitu utamlipa pale fedha yake itakapoonekana kwa macho.

Jibu la pili: mkaa unakwisha, tunakwenda kwenye nishati safi. Vizuri sana. Mkakati wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mimi nauunga mkono, mapafu ya mama zetu yamechoka. Lakini hata lengo likitimia kwa asilimia mia moja, bado watabaki Watanzania wawili katika kila kumi. Na msitu ukiacha kuuza mkaa utauza mbao, asali au hewa ya ukaa. Hapo napo kutakuwa na mkataba, akaunti ya benki na mtu mwenye ufunguo wa kabati. Anayedhani kubadilisha bidhaa ni kubadilisha utawala anajidanganya.

Upande wa Mikumi hadithi ni ileile, ila badala ya mkaa weka tembo. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964, ina kilometa za mraba zaidi ya 3,000, na tembo wake hawajui kusoma vibao vya mpaka. Wakiingia shambani usiku mmoja kazi ya msimu imekwisha. Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kitu kinachoitwa kifuta machozi, na kwa familia ya aliyeuawa na mnyama ziliweka shilingi milioni 1. Soma jina lenyewe taratibu: kifuta machozi. Haikuitwa fidia. Fidia ni haki, unaweza kuidai. Kifuta machozi ni huruma, unaisubiri. Mtu analinda tembo wa taifa kwa mahindi yake, halafu taifa linampa leso!

Kama kuna anayeona haya ni maneno ya wanaharakati, nimkumbushe Rudewa Mbuyuni. Tarehe 8 Desemba 2000, katika wilaya hii hii ya Kilosa, watu 38 waliuawa alfajiri katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Walikuwemo wanawake na watoto. Wengine wakasema ni ukabila. Mimi nasema chini ya kila mgogoro wa namna ile kuna maswali ya utawala: mipaka ya kijiji iliwekwa na nani, mifugo iliingia kwa ruhusa ya nani, ruhusa hiyo ilijadiliwa mkutano gani, na malalamiko yalipofika juu yalikaa juu ya meza kwa muda gani. Matumizi ya ardhi yakipangwa chini ya mwembe watu watagombana kwa maneno. Yakipangwa gizani watagombana kwa mapanga.

Tatizo letu jingine ni sisi wasomi na mashirika yetu. Tumelifanya neno utetezi kuwa kazi ya hotelini Morogoro. Projekta, maji ya chupa, posho, picha ya pamoja, ripoti. Mwezeshaji anaandika ubaoni "uwazi na uwajibikaji", washiriki wanaandika kwenye daftari, wote wanarudi nyumbani, na ubao wa matangazo wa kijiji unabaki na ng'ombe aliyepotea. Sisemi semina zote hazina maana. MJUMITA wenyewe ni mtandao wa wanavijiji, na hilo ni jambo kubwa. Nasema semina ipimwe kwa kitu kimoja: yule mama wa gunia ameuliza tena swali lake na safari hii akajibiwa?

Kwa hiyo hoja yangu ni hii.

Kwanza, kila miezi mitatu mkutano mkuu uitwe, na ajenda namba moja iwe mapato na matumizi ya maliasili, si ya mwisho wakati jua limezama na watu wana njaa. Karatasi ibandikwe ubaoni kwa namba zinazosomeka: magunia mangapi, ushuru kiasi gani, umetumika wapi. Kijiji kisichosoma hesabu kisipewe kibali cha kuvuna.

Pili, wizara isibadilishe kanuni ya misitu ya vijiji kabla vijiji vyenye misitu havijaulizwa, na maoni yao yaandikwe. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Tuitumie kuuliza nani alishauri nini.

Tatu, sisi waandishi. Tunakwenda Kilosa mafuriko yakija au watu wakiuana. Siku ya mkutano mkuu hatumo. Mhariri anasema haiuzi gazeti. Mimi nimeamua nitakwenda, hata kwa nauli yangu.

Nilipokuwa naondoka yule mama aliniuliza, "Hayo unayoandika, na huku kwetu yatafika?" Sikuwa na jibu zuri. Nimeyachapisha karatasi, ukubwa wa herufi unaotosha macho ya mtu mzima, nimempa dereva wa kosta apeleke. Kama bado kuna nafasi pale ubaoni, nimeomba yabandikwe pembeni ya yule ng'ombe.

Naomba kutoa hoja.