Sanduku la Vifaa Langoni pa Kodiaga

Mafunzo ya ufundi gerezani ni sehemu ya adhabu inayotazama siku ya kutoka. Magereza makubwa ya Kenya, likiwemo lile la Kodiaga kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, yana karakana ambamo wafungwa hujifunza useremala, uashi, ushonaji na kuchomelea vyuma. Anayeiva hupimwa kwa mitihani ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, inayoanzia Daraja la Tatu na kupanda hadi la Kwanza. Cheti hutolewa na NITA, si na gereza, na hilo ni jambo kubwa: fundi hubeba karatasi ile ile anayobeba mwenzake aliyesomea mtaani.

Siku ya kutoka haimshtukizi mtu. Chini ya Sheria ya Magereza, Sura ya 90, mfungwa hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, isipokuwa waliofungwa maisha na wa makosa machache mengine, na hesabu hiyo hufanywa anapopokelewa. Aliyehukumiwa miaka mitatu hutarajiwa kutoka baada ya miwili, asipopoteza siku zake kwa utovu wa nidhamu. Gereza basi lina tarehe mkononi tangu mwanzo. Ndiyo maana ni vigumu kukubali kwamba fundi aliyefunzwa kwa fedha za umma atolewe langoni mikono mitupu.

Ajira ya kampuni humponyoka mapema. Waajiri wengi hudai cheti cha maadili mema, ambacho Idara ya Upelelezi wa Jinai hukitoa kwa kulinganisha alama za vidole na kumbukumbu zake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ulemavu na mengine kadhaa. Kuwahi kufungwa hakumo katika orodha hiyo. Uingereza ilitunga mwaka 1974 sheria inayofanya makosa mengi yahesabiwe yamekwisha baada ya muda fulani bila kosa jipya. Bunge la Kenya lingefanya vyema kuliangalia jambo hilo.

Hubaki jua kali, yaani ufundi wa kujiajiri, na Kisumu ina jua kali pana. Mafundi wa soko la Kibuye hutengeneza vitanda, milango, madirisha na majiko, na hakuna mnunuzi wa kitanda anayeuliza alama za vidole. Ufuoni mwa Ziwa Viktoria, kuanzia Dunga hadi Mbita na Usenge, mashua za mbao hupasuka, huoza na kuvuja kila msimu. Seremala aliyezoea randa na patasi ana msingi wa kazi hiyo, ingawa kukunja mbao za ubavuni na kuziba nyufa kwa kalafati hujifunzwa ufuoni penyewe, chini ya fundi mzee. Uvujaji wa mashua ni hatari kwa roho za watu, kwa hiyo wavuvi humpa kazi fundi waliyemwona akifanya. Mgeni huanza kama msaidizi, hupigilia misumari ya wengine, na jina lake hukua polepole.

Hapo ndipo vifaa huamua. Msaidizi asiye na msumeno wake hulipwa kibarua cha siku. Mwenye msumeno, randa, nyundo na patasi huweza kupatana bei ya kazi nzima. Mchomeleaji ana mzigo mzito zaidi, kwa kuwa mashine, kinga ya macho na umeme vyote ni gharama. Kwa wanawake wanaotoka gerezani na ujuzi wa kushona, cherehani moja ndiyo duka lenyewe: sare za shule hutafutwa sana Januari, na Jumapili ni siku kubwa ya soko la Kibuye. Ujira wa mfungwa, unaohesabiwa kwa senti kwa siku, hauwezi kununua hata kimoja cha vitu hivi.

Serikali ya Kaunti ya Kisumu, maafisa wa probesheni na magereza wanaweza kuanza na jambo moja. Miezi michache kabla ya tarehe iliyokwisha kujulikana, fundi aliyefaulu mtihani wa NITA atafutiwe mwalimu Kibuye au ufuoni atakayempokea, na sanduku la vifaa vya kazi yake liandikwe kwa jina lake. Vifaa vipewe kama mkopo unaorudishwa kidogo kidogo, mwalimu akiwa shahidi, ili sanduku linalofuata lipatikane kwa marejesho hayo.