Neno la Mhariri: Nani Aonje Kwanza?

Toleo hili linahusu riwaya za distopia, zile zinazochora nchi iliyogeuzwa jela ya raia wake. Wahakiki wengi huzisoma kama vitabu vya serikali: wapelelezi wake, mateso yake, uongo wake. Sisi tunaohariri kutoka Bukoba tunaomba zisomwe kwanza kama vitabu vya majirani. Mtu akishamshuku mwenzake, amebakiwa na njia gani ya kuhakikisha?

Wahaya walilijibu swali hilo zamani. Ukikaribishwa lubisi, pombe ya ndizi, Kamachumu au Maruku, kimila mwenyeji huonja kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe nawe. Hakuna anayejidai kwamba sumu haipo duniani. Shaka inakubaliwa, inamalizwa kwa funda moja, maongezi yanaendelea. Omukago ulikwenda mbali zaidi: wawili waliotaka undugu walichanja ngozi karibu na kitovu, wakapaka damu kwenye buni, kila mmoja akameza ya mwenzake. Kuaminiana kulifanywa kwa mikono, na ushahidi ukaonekana.

Sasa mfungue Orwell. Katika *1984*, iliyotoka mwaka 1949, wapenzi Winston na Julia wanakwenda nyumbani kwa O'Brien, afisa wa Chama tawala wanayemdhani mwenzao katika upinzani. Mwenyeji anawamiminia divai, anakunywa pamoja nao, anawaapisha. Kila dalili ambayo binadamu hutumia kumtambua rafiki iko pale, na zote ni mtego. Tukio hilo linanitisha kuliko chumba cha mateso kinachokuja baadaye, kwa sababu Chama kimeteka hata ile njia ya kuimaliza shaka. Margaret Atwood, katika riwaya yake ya mwaka 1985 kuhusu wajakazi wa dola ya Gilead, anawaachia wanawake wake upenyo mdogo: neno la siri linalojaribiwa njiani. Anayelitamka kwanza ameweka shingo yake rehani. Huyo ameonja.

Kwetu, kitabu cha kuwekwa kando ya hivyo ni *Haini* cha Shafi Adam Shafi (2003). Rais wa Zanzibar, Abeid Amani Karume, aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokamatwa, na katika kesi ya uhaini iliyofuata washtakiwa hawakuwa na mawakili wa kuwatetea. Riwaya inaingia ndani ya jela ya waliokamatwa pamoja na mhusika wake mkuu, Hamza. Kinachotafutwa kwa kipigo ni majina. Taja wenzako. Ukitaja, umemwingiza mtu mwingine. Ukitajwa, humfikii aliyekutaja ukamuuliza uso kwa uso. Urafiki wa miaka unageuka kuwa orodha.

Nasisitiza hapo kwenye orodha, maana mkoani kwetu Kagera tuna orodha ya aina nyingine. Tarehe 21 Machi 2023 ilitangazwa kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika Wilaya ya Bukoba ni Marburg. Virusi hivyo hupita kwa kumuuguza mgonjwa na kumwosha maiti, yaani katika matendo yenyewe ambayo jirani mwema hujulikana kwayo. Wahudumu wa afya walipita na swali lile lile la jela: umemgusa nani, nani alikuja msibani, taja. Watu wakataja. Zaidi ya 200 waliokaribiana na wagonjwa wakafuatiliwa kila mmoja kwa siku 21. Wagonjwa walikuwa 9, waliofariki 6, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kuisha. Jina lililotajwa lilileta kipimajoto mlangoni badala ya pingu, na aliyetajwa aliweza kuliona hilo kwa macho yake.

Haikuwa hivyo daima. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa Ndolage, Muleba, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, na wengi waliamini ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa katika magendo ya mpakani. Kila mgonjwa akawa mshukiwa. Na mwaka 2024, katika wilaya hiyo hiyo ya Muleba, mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa nyumbani na kuuawa. Kati ya waliofikishwa mahakamani walikuwamo watu wa karibu naye. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo hawezi kuambiwa aache hofu. Anachostahili ni njia ya kuipima, na mkono wa dola upande wake.

Makala za toleo hili zinabishana juu ya Orwell, Shafi na *Walenisi* ya Katama Mkangi (1995), na sikuwalazimisha waandishi wake wakubaliane nami. Dai langu kwa waandishi wa riwaya ni moja. Kiswahili kimeshaandika mtawala na mlinzi wa jela kwa ustadi. Sasa tunataka riwaya ya yule mhudumu wa afya aliyeandika orodha wakati wa Marburg huko Maruku: anapiga hodi kwenye nyumba yenye msiba, hajulikani, ameshika kalamu na kipimajoto, na walio ndani wana dakika chache za kuamua kama watamjibu.